Kaunta ya Mjerumani

Josephina alitimiza miaka sabini siku ya Jumamosi, na wanawe walikwishaamua, bila kumuuliza, kwamba ataitimiza akiwa ameketi. Aliyepanga yote alikuwa Witness, binti yake anayeishi naye Dodoma: hoteli, mapambo, mshereheshaji, keki ya ghorofa tatu, kitenge cha zambarau kwa kila mwalikwa. Mama mwenyewe aliambiwa mambo mawili tu: kwamba anapelekwa Morogoro, mji uliomlea, na kwamba asibebe kitu. La kwanza alilipokea kwa furaha ambayo hakuionyesha. La pili alilinyamazia.

Ni mwanamke aliyeishia darasa la nne akapika uji kwenye jiko la shule kwa miaka ishirini na sita, lakini barua zake zilikuwa zikifika ofisini, watu wanaangaliana. Aliwahi kumwandikia ofisa elimu kurasa tisa juu ya maharage yenye wadudu, akataja gunia kwa gunia na tarehe kwa tarehe. Kusahau hakujui. Watu wa namna hiyo hawapendwi na washika funguo.

Walifika Ijumaa jioni kwa gari la Godfrey, mume wa Witness. Msamvu, pale mabasi yanapoingilia mjini, hakuitambua, palikuwa na maghorofa pale alipoacha majani. Lakini milima ilikuwa palepale, imejifunga wingu kiunoni, na alipoiona aliomba wapitilize moja kwa moja hadi Bigwa, waache gari, wapande kwa miguu hadi Vituli, kwenye kaburi la mama yake na kwa ndugu zake waliobaki. Miaka kumi na tisa hajakanyaga kule. Witness alicheka, akasema kesho ni sherehe mama, Jumapili tutaona. Mama akauliza kama watu wa Vituli wamealikwa. Witness akajibu kwamba amealika wale aliokuwa na namba zao za simu. Waalikwa walikuwa sitini. Kutoka mlimani hakuwemo hata mmoja.

Hoteli yenyewe ilikuwa Bigwa, pale nyumba zinapokwisha na mashamba yanapoanza kupanda. Ilifunguliwa miaka miwili iliyopita na tajiri mmoja wa Dar es Salaam ambaye huja mara moja kwa mwezi. Bustani zimekatwa vizuri, kuna bwawa la kuogelea, na ukuta umepita kati ya kijito na korongo bila kuacha upenyo, wenye geti kubwa chini kwenye barabara ya magari na geti dogo la nondo juu, linalotazama mlima. Josephina alifika jua limeshazama na mgongo unamuuma. Alikula, akalala.

Asubuhi, kabla jua halijatoka, alisikia sauti za wanawake. Hazikuwa za ugomvi. Zilikuwa sauti za watu wanaorudia jambo walilokwishalirudia mara nyingi mno, na lafudhi yao ilimtoa kitandani haraka kuliko kengele. Alijitanda kanga, akapanda bustani kufuata sauti hadi kwenye geti la juu. Ndani alisimama mlinzi, mtu mzima wa miaka kama hamsini na minane. Nje, katika umande, walisimama wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na tenga kichwani: karoti, njegere, kabichi, figili. Walikuwa wanaomba wapite waende sokoni. Mlinzi alikuwa anawaambia wazunguke korongoni.

"Shikamoo dada," mlinzi alisema alipomwona, akainamisha macho. Jina lake Stambuli, na hata yeye alikuwa mtu wa mlima.

Josephina aliitikia marahaba, kisha akawatazama wanawake mmoja mmoja kupitia nondo hadi mmoja wao, wa miaka arobaini hivi, aliposogea karibu akamuuliza kama yeye si mama mkubwa Josephina, mtoto wa marehemu Skolastika. Huyo alikuwa Cecilia, binti wa mdogo wake Josephina kwa upande wa mama, na kwa hesabu za Waluguru, ambako ukoo hufuata tumbo la mama, huyo ni mwanawe kabisa. Walishikana vidole kati ya nondo. Mtu kukutana na mwanawe kwa vidole vinne, siku yake ya kuzaliwa, kama anayemtembelea mfungwa.

Cecilia alimweleza yote kwa harakaharaka, maana mzigo hausubiri. Njia waliyoipita bibi zao ilipita hapahapa, katikati ya bustani hii. Tangu ukuta ujengwe wanazungukia korongo, saa nzima zaidi kwenda na saa nzima kurudi, na mvua ikinyesha korongo linateleza kama sabuni. Mwezi wa nne mwenzao mmoja aliteleza na tenga lake, akavunjika nyonga, mpaka leo anatambaa. Wamekwenda ofisi ya mtaa mara sita. Kila mara wanaambiwa walete uthibitisho kwamba njia ilikuwepo. Wakiuliza uthibitisho gani, wanaambiwa ramani.

"Ramani," Josephina alisema.

Alipogeuka kutazama bustani kwa mwanga ulioanza kuja, ndipo alipoliona. Katikati ya majani yaliyokatwa, karibu na bwawa, lilisimama jukwaa la mawe lenye urefu wa hatua tatu, kimo chake mpaka begani kwa mtu wa wastani. Juu yake vyungu vya maua. Mbele yake kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi ya dhahabu: KAUNTA YA MJERUMANI, MABAKI YA KIKOLONI, 1907.

Alikisoma kibao mara mbili. Kisha akayagusa mawe.

Mtu asiyewahi kubeba mzigo mzito kichwani hawezi kujua maana ya jukwaa lile, na wenye hoteli hawakuwahi kubeba. Mzigo mzito kichwani hautuliwi chini na mtu mmoja. Ukiutua chini peke yako, hutajitwika tena. Lazima apatikane mwingine wa kukutwika. Mbebaji akiwa peke yake njiani, shingo inawaka moto, ana mawili tu: avumilie hadi mjini, au atue na akae hapo hadi Mungu alete mpita njia. Jukwaa la kimo cha bega linamaliza shida hiyo. Unaligeuzia mgongo, unalisukuma tenga nyuma kidogo, linakaa. Unapumua. Ukiwa tayari unaingiza kichwa chini yake, unalivuta, unaondoka. Humuombi mtu.

Nalo halikujengwa mwaka wa 1907, wala halikujengwa na Mjerumani. Pale Morogoro mtu akiona jiwe juu ya jiwe husema Mjerumani, kana kwamba kabla yake mikono yetu ilikuwa ya kula tu.

Lilijengwa mwaka wa sitini na moja. Josephina alikuwa na miaka saba, akiteremka na mama yake peke yao kwa sababu wenzao walitangulia. Mama yake alikuwa na mimba ya miezi saba na tenga la kabichi. Walipofika pale, pakiwa pori tu, miguu ya mama ilikataa, akatua. Alipotaka kuendelea hapakuwa na wa kumtwika ila mtoto. Josephina alisukuma kutoka chini kwa mikono miwili, kwa kichwa, kwa bega, tenga halikufika hata kiunoni. Mwishowe mama yake alipiga magoti, akalivuta tenga mapajani, akalinyanyua kwa nguvu za tumbo. Kabichi zilifika sokoni. Jioni ile mtoto alitoka, akiwa amekufa. Alikuwa wa kiume.

Skolastika hakupiga kelele. Alipopona alitoka tena na tenga, na juu ya kabichi aliweka jiwe moja la mtoni. Alipofika pale alilidondosha. Siku ya soko iliyofuata, jiwe jingine. Wenzake walipouliza aliwaeleza, nao wakaanza kuongeza jiwe juu ya mizigo yao, kila mmoja, kila safari, wanawake wa Vituli nzima, mwaka mzima, hadi mawe yakatosha. Mwezi wa kumi na mbili, wiki ileile bendera mpya ilipopandishwa na watu wakacheza ngoma hadi asubuhi, wanawake wale walimaliza jukwaa lao kwa udongo wa kichuguu. Hakuna aliyewahutubia.

Josephina alimtafuta meneja, kijana mtanashati aitwaye Evance, aliyekuwa anapanga viti. Evance alimpa mkono kwa mikono miwili, akampa heri ya kuzaliwa, akamwambia keki itawekwa palepale kwenye kaunta, ndipo picha zinapopendeza. Josephina alimuuliza kibao kiliandikwa na nani. Evance akasema mgeni mmoja wa nje, mtu anayejua mambo ya kale, alipita akasema mawe yale yanaonekana ya Kijerumani. Na mwaka? Evance akacheka kidogo, akakiri mwaka waliuweka wenyewe, wageni wanapenda mwaka. Kuhusu njia, alisema kwa heshima kwamba hilo ni suala la ofisi ya mtaa, yeye mwajiriwa tu, ufunguo wa geti la juu anakaa nao kwa maelekezo ya bosi.

Witness alisikia habari hiyo kwa Evance kabla ya kuisikia kwa mama yake. Alimkuta chumbani, akafunga mlango, na machozi yakamtoka. Hakuwa na ubaya binti yule. Amekulia katika nyumba ambayo mama huchelewesha chakula kwa sababu anamalizia barua kwa mkuu wa wilaya. Alisema maisha yake yote amemwona mama akigombana na watu kwa ajili ya watu, na kwamba alitaka kumpa siku moja, moja tu, ya kukaa kama mama za wenzake.

"Siku moja usigombane na mtu, mama. Nakuomba."

"Sitagombana na mtu," Josephina alijibu. "Nitakata keki." Akaomba apelekewe ujumbe Cecilia sokoni: wakimaliza kuuza, wasirudi kwa korongo. Waje wote kumi na mmoja kwa geti kubwa la chini, saa saba. Ni wageni wake. Witness alipata afueni kusikia kwamba mama anataka tu ndugu zake waje wale, akamtuma Godfrey mwenyewe.

Basi saa saba mchana, turubai limesimama, spika zinatetemesha vikombe, waalikwa sitini wamevaa zambarau, waliingia wanawake kumi na mmoja wenye matope vifundoni na matenga matupu. Evance aliwakimbilia. Josephina akanyoosha mkono kutoka meza kuu, akasema hao ni wa kwake, wakae mbele. Meneja gani atamfukuza mgeni wa mwenye sherehe? Walikaa kwenye viti vya utepe, matenga yao miguuni, wakala pilau kwa utulivu wa watu waliokwishaambiwa kitakachofuata.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo pia, amealikwa na hoteli kama kawaida, amekaa karibu na nyama.

Ulipofika wakati wa keki, mshereheshaji, kijana wa mjini mwenye kifua kipana na miwani nyeusi, alimsindikiza Josephina hadi kwenye jukwaa la mawe kwa maneno mengi matamu. Keki ilisimama pale imezungukwa na maputo. Simu zilipanda juu. Josephina alishika kisu, akakiweka chini, akashika kipaza sauti.

Hakuhutubia. Alianza kwa kumuomba mwenyekiti wa mtaa awasomee watu kibao, naye, akiwa bado na mfupa mkononi, alikisoma. Kisha akauliza kama kuna anayejua Mjerumani aliuza nini kwenye kaunta ya kimo cha bega. Alikuwa mrefu kiasi gani huyo? Wateja walikuwa wakipanda ngazi kunywa bia? Watu walicheka. Mshereheshaji alicheka kuliko wote, kwa hiyo akamgeukia yeye.

"Mwanangu, una nguvu?"

"Kabisa, bibi. Hapa chuma tu."

Alimwomba Cecilia aweke tenga chini kwenye majani na kulijaza: kreti moja ya soda, na sufuria mbili za pilau juu yake. Akamwambia mshereheshaji ajitwike. Peke yake, na chupa isianguke. Kijana alivua miwani. Alilinyanyua hadi magotini kwa urahisi, hadi kifuani kwa kukunja uso, na pale kifuani ndipo mwanadamu anapogundua kwamba mikono haina pengine pa kupita. Alijaribu kuinama aingize kichwa. Tenga likainama naye. Alijaribu kupiga goti. Wanawake kumi na mmoja walimpa ushauri wa kila aina, mwingine wa kumsaidia, mwingine wa kumuaibisha, mmoja akamuuliza kama mkewe yupo karibu amtwike. Jaribio la nne chupa zilimwagika. Alirudi nyuma akipangusa suruali na kusema, bila kipaza sauti, kwamba haiwezekani.

"Haiwezekani," Josephina alikubali. "Mama yangu naye alijaribu hapahapa."

Akawaeleza kwa maneno machache. Kabichi, mtoto wa miaka saba aliyesukuma akashindwa, mtoto mwingine ambaye hakupewa jina, na mawe. Aliwataja wanawake waliobeba mawe yale, jina baada ya jina, ishirini na watatu, na kila alipotaja jina, mmoja wa wale kumi na mmoja aliitikia kwamba huyo ni bibi yangu. Witness aliyekuwa anarekodi aliishusha simu. Maneno hayo hakuwahi kuyasikia hata yeye. Mama anayekumbuka magunia ya maharage tangu mwaka wa themanini na nne alikuwa amelifungia hili moja.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Josephina alimaliza, "ulitaka ramani. Umekisoma kibao, sasa iguse ramani."

Kisha akaanza kazi. Aliitoa keki juu ya mawe, akawagawia wanawake ghorofa zake tatu, moja kwa tenga, na sufuria za pilau na mikate kwa matenga mengine, kwa maelezo kwamba sherehe inahamia Vituli alikozaliwa, anayetaka afuate. Godfrey na Stambuli walimwekea juu ya jukwaa tenga moja lenye kreti ya soda. Alisokota ngata ya kanga, akaiweka kichwani, akageuka, akainama kidogo, akaingia chini ya tenga. Miaka thelathini hajabeba. Magoti yalilia kwa sauti iliyosikika. Akasimama.

Alitembea taratibu kupanda bustani, na wale kumi na mmoja nyuma yake, hadi kwenye geti la nondo lililofungwa kwa kufuli. Akasimama mbele yake.

Njia ile ilikuwa na sheria, na Stambuli aliijua tangu hajaota meno: asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo. Hapakuwa na ukubwa hapo. Padri alishuka kwenye nyasi akapisha. Bwana shamba na kofia yake alipisha. Kumzuilia njia mwanamke aliyejitwika kulikuwa aibu ambayo ukoo ulilipa kwa mbuzi. Sasa Stambuli, aliyewatangulia kurudi lindoni, alikuwa amesimama mgongo kwenye geti, sare ya hoteli mwilini, na mbele yake dada mkubwa wa miaka sabini, jasho linamtiririka shingoni.

Evance alikuja mbio, simu sikioni. Alisema bosi yuko mkutanoni, alisema mama afuate utaratibu, alisema geti hilo halihusiki na sherehe. Mwenyekiti wa mtaa naye alipanda akihema, akatoa sauti ya upatanishi waliyoizoea wanawake wale.

"Mama, tua kwanza. Tua tuzungumze."

"Wenzangu wamezungumza na wewe miaka miwili wakiwa wametua," Josephina alisema, bila kugeuza kichwa maana hakingegeuka. "Leo tunazungumza nikiwa nimejitwika."

Dakika zilipita. Huko chini muziki ulizimwa. Godfrey alizunguka kama mwenye ugonjwa wa tumbo: mkwe hamgusi mama mkwe wake, na hata angethubutu, angeugusa vipi mzigo ule? Witness alikuja akasimama karibu kabisa. Aliona mshipa wa shingo ya mama yake unavyopiga. Alisema mama, shingo. Mama akasema ndiyo, ipo. Witness alinyoosha mikono kulishusha tenga, mikono ikafika nusu, ikasimama. Akairudisha. Akauchukua mtandio wake wa zambarau, akamfuta mama jasho machoni, kisha akamgeukia Evance akamwambia ampigie tena huyo bosi, na aweke sauti ya nje.

Sauti ya tajiri ilitoka kwenye simu ikiwa laini. Alimpongeza mama kwa siku yake. Alisema yeye ni mtu wa watu. Yuko tayari, kwa ubinadamu, kufungua geti la juu kila siku saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili alfajiri, kwa wanawake watakaoandikishwa na kupewa vitambulisho vya hoteli.

Minong'ono ilipita katika mstari wa matenga. Saa moja si kitu kidogo kwa mtu anayeteleza korongoni. Mmoja alisema tuchukue. Josephina alisikia, na miguu yake ilitaka sana kusikia, maana ilianza kutetemeka na kila mtu aliiona. Kama angekuwa anajibu kwa ajili yake angekwishajibu. Lakini njia si ya anayelala Dodoma.

"Cecilia," alisema. "Njia yenu. Sema wewe."

Cecilia alikuwa na ghorofa ya chini ya keki kichwani. Hakuwa mtu wa maneno. Ofisini siku zote alikaa nyuma. Alifikiri, kisha akaisemesha simu kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya uzio.

"Na mwenzetu akishikwa na uchungu saa nane mchana, tumwambie asubiri alfajiri? Na akija bila kitambulisho, azalie getini?"

Evance aliitazama simu kama imeharibika.

Hapo ndipo Stambuli alipogeuka. Hakwenda kwenye kufuli. Alikwenda upande wa pili, kwenye bawaba, akapiga goti, akaweka bega chini ya nondo. Geti lile ni yeye aliyelitundika, na lilikuwa limekalishwa tu juu ya pini mbili, kama mageti mengi ya haraka. Alimwita Godfrey kwa jina. Godfrey, aliyekuwa anatafuta kitu cha kufanya tangu mchana uanze, alivua koti.

"Stambuli," Evance alisema, "unakumbuka una kazi hapa?"

"Nilikuwa nayo," Stambuli alisema, akanyanyua.

Geti lilitoka kwenye pini likipiga kelele, likavuta komeo kutoka kwenye nguzo, likalala kwenye majani, kufuli lake likiwa bado limefungwa vilevile. Wanaume wawili wakasimama pembeni, huyu kushoto huyu kulia, ndani ya nyasi. Wakapisha.

Josephina alipita. Nyuma yake ilipita keki, likapita pilau, wakapita baadhi ya waalikwa wa zambarau wakiwa wamevua viatu, wengine wakabaki nyuma karibu na nyama. Kwenye kona ya kwanza ya mlima, Witness na Cecilia walimtua mzigo, mmoja kila upande. Alikaa kwenye jani la mgomba na kupumua kwa muda mrefu, na alipoweza kusema alilalamika kwamba keki imechubuka. Aliyosema baadaye kwa binti yake, juu ya yule mtoto wa kiume, ni yao wawili.

Geti? Kina mama walirudi kulichukua. Wanne walilibeba hadi Vituli. Evance alisema ni wizi. Cecilia akasema hawajaliiba, wamelifanya lipishe njia.

Jumapili gari lilirudi Dodoma bila Josephina. Alibaki kwa Cecilia, akaomba daftari. Aliwaita watoto wa wanawake ishirini na watatu, mmoja mmoja, akaandika maelezo ya kila mmoja, nani alibeba mawe, mwaka gani, yalitoka mto upi, nao wakaweka vidole gumba. Kurasa arobaini na moja zilikwenda baraza la kata, nakala ofisi ya mtaa, nakala hotelini. Stambuli aliachishwa kazi Jumatatu. Siku hizi anauza njegere, na kuachishwa kwake nako kuna ukurasa wake humo. Hoteli ilijibu kwa barua ya wakili, ikitaka geti lirudishwe ndani ya siku saba. Josephina alijibu siku hiyohiyo kwa mistari miwili: geti lipo, limeegemea banda la mbuzi, halijafunguliwa kufuli. Anayelitaka apande alichukue, atakuta watu wa kumtwika.

Hajapanda mtu. Shauri halijaitwa bado, na litakapoitwa huenda wakashindwa. Wenye ukuta wana mawakili na wenye mawe wana vidole gumba. Lakini kibao kimeng'olewa, hakuna anayesema ni nani, na kila siku ya soko kumi na mmoja wameshakuwa ishirini na wanne. Wanateremka jua likichomoza, wanapita kwenye pengo la geti, wanatua pale kwenye mawe, wanapumua, wanajitwika. Wageni wanaokunywa chai kando ya bwawa wameanza kusogeza viti vyao wenyewe.